Kalamu za Wageni: Historia Niliyoikuta Ndani ya Insha za Wenzetu Mbale

Mwaka 1974 viongozi wa nchi za Kiislamu walikutana Lahore, Pakistani. Miongoni mwa mambo waliyoyaamua ni kwamba Afrika kusini mwa Sahara ijengewe vyuo vikuu viwili: kimoja kwa ajili ya nchi zinazotumia Kifaransa, kingine kwa ajili ya nchi zinazotumia Kiingereza. Cha kwanza kilijengwa Say, nchini Niger. Cha pili kilipewa Uganda, ambayo chini ya Idi Amin ndiyo kwanza ilikuwa imejiunga na jumuiya hiyo. Amin aliondolewa mwaka 1979, vita vikafuata, na ahadi ile ikakaa kwenye karatasi hadi tarehe 10 Februari 1988, Chuo Kikuu cha Kiislamu kilipofunguliwa Mbale kikiwa na wanafunzi 80 na shahada mbili tu, moja ya ualimu na nyingine ya Uislamu na lugha ya Kiarabu.

Ninaanza na habari hii kwa sababu uamuzi wa Lahore ndio uliofanya mji mdogo chini ya Mlima Elgon uwe mahali ambapo kijana wa Mogadishu, wa Unguja na wa Juba wanaweza kukaa kwenye benchi moja wakilalamikia swali lilelile la mtihani. Baadaye vyuo vingine vilifunguliwa hapa Mbale, vya Kikristo na vya serikali, na wageni wakazidi. Mimi si mgeni wa mbali, natoka Jinja, lakini kwa mihula minne sasa nimekuwa nikiwasaidia wanafunzi wa kigeni kuandika insha. Wanatoka vyuo mbalimbali na sitavitaja, maana nitakayoyasimulia yanahusu watu wanaoendelea na masomo. Tunakutana maktaba ikiwa na nafasi, au kwenye baraza ya hosteli. Malipo ni chai na chapati, na wakati wa mitihani huongezwa mayai.

Kazi yenyewe inaonekana ndogo: kusahihisha aya, kupanga hoja, kueleza mhadhiri anataka nini anaposema "jadili". Lakini mimi ni mwanafunzi wa historia na Kiswahili, na baada ya muda nilianza kuona kwamba insha ya mtu ina historia ya nchi yake ndani yake, hata kama swali linahusu biashara ya pamba. Namna anavyoanza, anachokiona kuwa ni ushahidi, mahali anapoweka neno gumu, vyote vina asili. Katika insha hii nitajaribu kuonyesha asili hizo, na nitakaa zaidi kwenye ile iliyotusumbua kuliko zote.

Kwanza inafaa tukumbuke kwamba watu wa mashariki mwa Uganda nao waliwahi kuwa wanafunzi wa kigeni katika uandishi, na hawakuhitaji kusafiri. Mji wa Mbale ulikua mwanzoni mwa karne ya 20 kuzunguka makao ya Semei Kakungulu, jemadari wa Buganda aliyekuja kuitawala nchi hii kwa niaba ya Waingereza, au kwa niaba yake mwenyewe, inategemea unamsoma nani. Alipoondolewa Budaka mwaka 1902 alihamia upande wa Mbale na wafuasi wake wengi. Wafanyabiashara wa Kiswahili walikuwa wakipita huku tayari, wakitafuta pembe za ndovu kuelekea Karamoja. Mawakala wa Kakungulu walikuwa Waganda. Barua, baraza, hesabu za kodi na sala za kanisani zikawa kwa Kiganda. Mgisu aliyetaka kujua kusoma ilimbidi kwanza ajifunze lugha ya yule aliyemtoza kodi.

Kisha mwaka 1906 Waingereza walimhamisha Kakungulu kwenda kuwa rais wa baraza la Busoga, akakaa huko hadi 1913. Kwa hiyo mtu mmoja anaiunganisha miji yangu miwili, na Kiganda kilimfuata. Biblia kamili ya Kiganda ilikwisha kuchapishwa tangu 1896, nasi Wasoga tukaisoma hiyo kwa miaka mingi kana kwamba Mungu anaishi Mengo. Jaja yangu mpaka leo akiomba anaomba kwa Kiganda, akimaliza anaomba chumvi kwa Kisoga.

Kakungulu mwenyewe aliishia kuwa mwanafunzi wa wageni. Aliporudi Mbale alijiunga na dhehebu la Wamalaki waliokataa dawa za hospitali, halafu mwaka 1919 akatahiriwa na kutangaza kwamba yeye na watu wake ni Wayahudi. Hakuwahi kufundishwa na Myahudi yeyote kabla ya hapo, alikuwa amesoma tu Agano la Kale kwa Kiganda, akasadiki alichokisoma. Mwaka uliofuata alipita mfanyabiashara wa Kiyahudi anayekumbukwa kwa jina la Yosefu, akakaa nao miezi kadhaa akiwafundisha kalenda ya sikukuu na mambo ya chakula. Mwaka 1922 Kakungulu akatoa kitabu cha sala na kanuni kwa Kiganda. Jamii hiyo, Abayudaya, bado ipo katika vilima vya nje ya mji, ingawa wakati wa Amin dini yao ilipigwa marufuku. Ninapomwona mwanafunzi mgeni amesoma swali kwa makini mno, neno kwa neno, akajibu kitu ambacho mhadhiri hakukitarajia, humkumbuka Kakungulu. Usomaji wa namna ile si ujinga. Ulianzisha jamii inayoishi hadi leo, miaka zaidi ya mia moja.

Sasa nirudi kwenye benchi.

Mwanafunzi wangu wa kwanza alikuwa dada kutoka Unguja. Kiswahili chake kilinifanya nione haya kufungua mdomo, maana mimi Kiswahili nilikiokota Walukuba, kwenye nyumba za wafanyakazi zilizojengwa na Waingereza, ambako Mluo, Msoga na Mnubi walilazimika kuelewana. Uganda ina historia yake ya ajabu na lugha hii. Mwishoni mwa miaka ya 1920 Gavana Gowers alitaka Kiswahili kifundishwe shuleni, Kabaka Daudi Chwa akapinga kwa maandishi, na wamisionari wengi wakawa upande wake. Jeshi ndilo lililokipokea. Kambi ya Jinja, ile iliyoasi Januari 1964, ilikuwa ikitoa amri kwa Kiswahili, na miaka ya 1970 watu wengi walikisikia kutoka kwa mwenye bunduki. Ndiyo maana wazazi wetu wengine hadi leo wakikisikia usiku hufunga mlango. Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, jambo ambalo halikukisaidia. Mwaka 2005 katiba ikakifanya lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 baraza la mawaziri likapitisha kifundishwe kwa lazima shuleni. Kichekesho ni kwamba katika miaka ya 1950 ile Kamati ya Lugha iliyolinda Kiswahili sanifu kwa Afrika Mashariki yote ilikuwa na makao yake Makerere, katika nchi ambayo shule zake hazikukitaka.

Dada wa Unguja hakuhitaji Kiswahili changu, alihitaji msaada wa kuandika insha kwa Kiingereza. Tatizo lake, kwa maneno ya mhadhiri wake, lilikuwa "utangulizi mrefu". Nilipozisoma insha zake niliona kwamba ukurasa wa kwanza ulikuwa na heshima nyingi: alimshukuru Mungu, akaomba radhi kwa upungufu, akaeleza umuhimu wa elimu, ndipo akagusa swali. Nikamuuliza amejifunzia wapi. Akaniambia bibi yake huandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu mpaka leo, na kwamba alipokuwa mdogo ndiye aliyekuwa akizisoma kwa sauti. Barua haiwezi kuanza na shida. Inaanza na salamu, kisha salamu za waliopo, kisha "ama baada ya salamu", ndipo jambo.

Kwa mwanafunzi wa historia hilo ni dhahabu. Barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu zilizoandikwa Kilwa mwanzoni mwa karne ya 18 zimehifadhiwa hadi leo Goa, nchini India. Herufi za Kirumi zilikuja baadaye sana, pamoja na wamisionari wa karne ya 19. Kwa hiyo "utangulizi mrefu" wa dada yule ulikuwa mkubwa kwa umri kuliko chuo chochote cha Uganda. Hatukuufuta wote. Tulikubaliana kwamba sentensi moja ya heshima ibaki na swali lifike kabla ya mstari wa sita. Alipata alama nzuri, ingawa aliniambia kwamba insha ile mpya inamfanya ajione kama mtu aliyeingia nyumbani kwa watu bila kupiga hodi.

Wanafunzi wa Tanzania Bara wana jambo lingine, nao hawataniudhi nikilisema. Kila insha huanza kwa fasili. Ukiwauliza sababu za Vita vya Maji Maji watakueleza kwanza vita ni nini kwa mujibu wa kamusi, kisha sababu ni nini, halafu "baada ya kuangalia fasili hizo, sasa tugeukie kiini cha swali". Nilikuwa nikicheka. Siku hizi sicheki sana, kwani nimeona mwenye fasili hapotei njiani. Waganda tunaingia kwenye hoja kwa mbio na tukifika ukurasa wa tatu hatukumbuki tulikuwa tunathibitisha nini.

Kaka kutoka Bukavu alinifunza mengi zaidi. Yeye aliniita "yaya" tangu siku ya kwanza, na wenzangu wa Kenya walicheka hadi machozi, maana kwao yaya ni msichana wa kulea watoto. Kwao Kongo yaya ni kaka au dada mkubwa, na ni neno la heshima. Insha zake zilikuwa na umbo ambalo halikubadilika: kwanza anatetea kauli, kisha anaipinga kwa nguvu zilezile, mwishoni anazipatanisha. Mhadhiri aliandika pembeni kwa wino mwekundu, "Msimamo wako ni upi?" Hakuwa hana msimamo. Ni mpango wa insha wa shule za Kifaransa, uliofika kwao kupitia Wabelgiji, na ndani ya mpango huo msimamo unasubiri zamu yake.

Lakini Kiswahili chake ndicho kilichonivuta. Aliandika "batoto" pale ambapo mimi ningeandika "watoto", na maneno mengine aliyaunganisha pale ambapo sisi tunayatenganisha. Mwenzangu mmoja anayesaidia naye wanafunzi alitaka tumpe kitabu cha sarufi basi. Nikamwambia asome kwanza habari za maandishi moja ya Lubumbashi. Mwaka 1965 mtu aitwaye André Yav, akiandika kwa ajili ya chama cha watumishi wa zamani wa majumbani, alitunga historia ya mji wa Elisabethville kwa Kiswahili cha kwao. Aliandika kama watu walivyosema, bila kumwogopa mwalimu. Inasimulia Wabelgiji kwa jicho la mtu aliyewapikia na kuwafulia. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian aliichapisha mwaka 1990, na leo hakuna mtu makini anayesoma historia ya Katanga akaipuuza. Kama Yav angesubiri kwanza ajue sanifu, tungeikosa.

Hii haina maana kwamba nilimwacha kaka wa Bukavu aandike "batoto" kwenye mtihani. Mtihani ni mtihani. Tulichofanya ni kuweka daftari lenye safu mbili: upande huu ya kwao, upande ule ya mtihani. Nimeliona daftari lile likizunguka hosteli, na sasa lina safu ya tatu ambayo sijui nani aliianzisha, ya Kiswahili cha Nairobi.

Kutoka Sudan Kusini nimewasaidia wawili, na wote walisoma shule za Uganda kama wakimbizi, kwa hiyo katika insha zao sikuona tofauti kubwa na zetu. Tofauti ilijitokeza nje ya insha. Likizo moja nilimkaribisha mmoja wao nyumbani Jinja. Sokoni tulipita kwa mama mmoja Mnubi anayeuza vikapu na mikeka. Rafiki yangu alimsikia akimgombeza mjukuu, akasimama, akamjibu kwa Kiarabu cha Juba. Mama naye akajibu kwa Kinubi. Walielewana. Walikaa pale zaidi ya saa nzima, mimi nikishika mikoba.

Maelezo yake yako kwenye vitabu vyetu, ila tunayasoma haraka. Mwaka 1891 Lugard aliwachukua askari wa Kisudani waliokuwa wamebaki karibu na Ziwa Albert baada ya Emin Pasha kuondoka, akawaleta Uganda. Mwaka 1897, wakiwa wamechoshwa na safari zisizokwisha na mishahara midogo iliyochelewa, baadhi yao waliasi. Walijifungia katika ngome ya Luba, Busoga, ufukweni mwa ziwa, eneo la chifu yuleyule ambaye Askofu Hannington aliuawa kwake mwaka 1885. Waliwaua maofisa wa Kiingereza, akiwemo Meja Thruston. Desemba ya mwaka huo George Pilkington, yule aliyetafsiri Biblia ya Kiganda, alipigwa risasi akafa huko huko. Katika vitabu vya shule waasi wale hawana sauti. Wanaasi, wanazingirwa, wanakimbia, sura imeisha. Lakini lugha yao ingali sokoni Jinja, inauza mikeka, na kijana wa Juba anaielewa bila mkalimani.

Nimefika kwa yule aliyenifanya niandike insha hii. Ni mwanafunzi wa Kisomali, mwaka wa mwisho, mtu mpole anayemwita kila mtu "walaal", yaani ndugu. Alitaka tasnifu yake ihusu Sayyid Muhammad Abdille Hassan na vita vya Madarwishi dhidi ya Waingereza, vilivyoanza mwaka 1899 na kuisha 1920 baada ya ndege kutupa mabomu Taleh. Pendekezo lake la utafiti lilirudishwa. Mhadhiri alikuwa amezungusha duara kwenye ukurasa mzima na kuandika maneno mawili: "Chanzo kiko wapi?"

Ukurasa wenyewe ulikuwa na shairi, maelezo ya nani alilipokea kutoka kwa nani, na nasaba ya msimulizi, ambaye ni babu yake mzaa mama. Nje ya hapo alikuwa ametaja vitabu viwili tu. Tarehe ya mwisho ya kurudisha ilikuwa baada ya majuma matatu. Akikataliwa tena angelazimika kungoja mwaka mzima, na anayemlipia karo ni dada yake anayefanya kazi ng'ambo. Alikuwa amekwisha kuamua kubadilisha mada. Aliniomba nimtafutie "kitu cha Uganda, kitu chepesi".

Nilimuuliza kwa nini aliweka shairi. Alinitazama kama niliyeuliza kwa nini watu hula. Akaeleza kwamba Kisomali hakikuwa na mwandiko rasmi mpaka Oktoba 1972, serikali ilipochagua herufi za Kirumi. Kabla ya hapo palikuwa na mabishano ya miaka mingi: wapo waliotaka herufi za Kiarabu, wapo waliotaka mwandiko wa Osman Yusuf Kenadid uliobuniwa miaka ya 1920. Mwaka 1974 shule za sekondari zilifungwa na wanafunzi wakatumwa vijijini kufundisha wafugaji kusoma. Nyanya yake alifundishwa na msichana wa shule chini ya mti, katika mwaka wa ukame mkubwa. Kwa hiyo, alisema, habari zote za kabla ya hapo ziko wapi? Ziko kwa Waingereza, kwa Waitalia, na kwenye mashairi. Ukiondoa mashairi umebakiza upande mmoja wa vita.

Akaniambia na jambo lingine ambalo sikulijua. Msimulizi wa shairi la Kisomali hana ruhusa ya kubadili maneno wala kuficha jina la mtunzi. Anataja mtunzi, na akisahau mstari wapo watakaomsahihisha hadharani. Wasomi kama Andrzejewski waliliandika hili zamani: ni kama haki ya mtunzi isiyo na sheria ya bunge. Mimi nimezoea kwamba masimulizi ya mdomo ni kitu kinachobadilika kila anaposimulia mtu mwingine. Hapa palikuwa na jamii iliyojenga ulinzi dhidi ya hilo hilo.

Hatukubadilisha mada. Tuliandika sura ya mbinu, kurasa saba, kwa majuma mawili. Tulianza na Jan Vansina, ambaye kitabu chake cha 1961 juu ya mapokeo ya mdomo kilitokana na kazi yake Afrika ya Kati. Kisha tukaja nyumbani: historia ya zamani ya Busoga, ile tunayoisoma darasani na kuulizwa kwenye mtihani, imejengwa kwa kiasi kikubwa juu ya masimulizi ambayo David William Cohen aliyakusanya kwa wazee na kuyachapisha mwaka 1972. Kama maneno ya wazee wa Busoga ni chanzo, kwa nini shairi lililohifadhiwa neno kwa neno lisiwe? Halafu tukataja kazi ya Said Samatar ya mwaka 1982, ambayo inamsoma Sayyid kupitia mashairi yake. Hapo rafiki yangu alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Kumbe tayari yupo Msomali aliyeandika hivi." Kitabu hakikuwa na shida, ila hakuna aliyemwambia kipo.

Sehemu ngumu ilikuwa kuonyesha kwamba shairi linaweza kupimwa. Tulichukua vita vya Dul Madoba, Agosti 1913, ambamo Richard Corfield, kamanda wa kikosi cha ngamia cha Waingereza, aliuawa. Kuna taarifa za Waingereza, na kuna shairi mashuhuri la Sayyid linalomsema Corfield baada ya kufa kwake. Tuliweka safu mbili tena, kama lile daftari la Bukavu. Kwenye kifo na ushindi vinakubaliana. Vinatofautiana katika kile ambacho kila upande unataka kikumbukwe: taarifa inatafuta nani alikiuka amri, shairi linataka marehemu apeleke ujumbe Ahera. Tuliandika wazi kwamba shairi ni silaha ya vita, lilitungwa kushawishi, na haliwezi kuaminiwa peke yake. Tukaongeza kwamba taarifa ya ofisa anayejitetea kwa wakubwa wake nayo iko vivyo hivyo.

Kuhusu nasaba tulibishana. Mimi nilitaka iondolewe, kwani majina kumi na moja ya mababu yalichukua nusu ukurasa. Yeye alisema bila hayo msomaji wa Kisomali hawezi kujua babu yake alisimama upande gani wa vita, maana wapo Wasomali wengi waliopigana dhidi ya Madarwishi, na kikosi cha Corfield chenyewe kilikuwa cha Wasomali. Nasaba kwake ndiyo tanbihi: inakuonyesha msimulizi ana maslahi gani. Ilibaki. Tuliiweka kama kiambatisho, na mstari mmoja katika sura ukieleza kazi yake.

Katika majuma yale kuna Mgisu mmoja, jirani yetu wa chumba, aliyekuwa akisikiliza tukibishana. Akasema kwao tarehe hazikuhitaji kalenda ya mzungu: tohara ya imbalu hufanywa kila mwaka unaogawanyika kwa mbili, 2022, 2024, na kila rika hupewa jina la jambo kubwa la wakati wake. Mzee akikutajia rika lake umejua alitahiriwa lini. Watafiti wametumia majina hayo kupangilia historia ya Bugisu. Rafiki yangu Msomali aliandika kwenye simu yake majina aliyoyataja jirani, akataka kujua nani anaamua jina, na jina likishindaniwa nani hushinda. Maswali hayo sikuwahi kusikia Mganda yeyote akimuuliza Mgisu, nami nikiwemo, na nimeishi Mbale miaka mitatu.

Pendekezo lilirudi likiwa na wino mwekundu mchache. Sura ya mbinu ilikubaliwa. Mhadhiri aliuliza maswali mawili ya haki kabisa: nani atathibitisha tafsiri ya mashairi kwenda Kiingereza, na itakuwaje msimulizi akiwa ni ndugu wa mtafiti? La kwanza tumelipatia jibu, kuna wanafunzi wengine watatu wa Kisomali ambao kila mmoja atatafsiri peke yake kabla ya kulinganisha. La pili bado analifanyia kazi. Amempata mzee mwingine, wa ukoo uliokuwa upande wa Waingereza, anayeishi Kisenyi jijini Kampala, na amekwenda mara mbili bila kupokewa.

Mimi nami nimebadilisha mada ya tasnifu yangu. Nilikuwa niandike kuhusu bwawa la Owen Falls lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954, ambalo kila mtoto wa Jinja anaweza kuliandika akiwa amelala. Sasa nataka kuandika juu ya maasi ya 1897 kama yanavyosimuliwa na Wanubi wenyewe. Msimamizi wangu ameniuliza lilelile swali, chanzo kiko wapi, nami nimempelekea kurasa saba. Rafiki yangu wa Juba amekubali kunisaidia lugha. Yule mama wa vikapu anasema yeye hajui kitu, mjuzi ni shangazi yake, mzee sana, ambaye haongei na mtu asiyemjua ukoo wake. Kwa hiyo jaja ameanza kunitajia majina ya kwetu, na nimefika la sita.